Kucheza na Kupiga: Historia Fupi ya Michezo ya Mapigo na Kile Inachofundisha



Nilipoitaja mada ya mhadhara huu kwa mara ya kwanza, mwenzangu mmoja ambaye tumefundisha ushairi pamoja kwa miaka mingi aliniuliza kwa upole kama nimeamua kustaafu kabla ya wakati. Mtu mzima, msomi wa fasihi simulizi, na michezo ya video ya watoto, wapi na wapi? Swali lake ni la haki, na njia fupi ya kulijibu ni kuanzia kwenye sarufi yetu wenyewe.

Kwa Kiswahili mtu hupiga gitaa, hupiga kinanda, hupiga zeze na hupiga ngoma. Anayecheza ngoma ni mwingine: ni yule aliyeingia uwanjani na kuuachia mwili wake ufuate mapigo. Mpiga ngoma na mcheza ngoma huweza kuwa ndugu wa tumbo moja, lakini kazi zao ni mbili na lugha imezipa vitenzi viwili. Kitenzi kucheza, kwa upande wake, kimeenea hadi kwenye bao, karata na mpira. Waingereza, Wafaransa na Wajerumani hawakuuweka mpaka mahali tulipouweka sisi. Kwao kitenzi kimoja humtosha anayesakata mpira na anayepiga piano, ilhali anayecheza dansi ndiye aliyetengewa kitenzi chake. Wajapani wako karibu nasi zaidi: vyombo vya nyuzi na vinanda vina kitenzi chao, hiku, ngoma ina kitenzi tataku, ambacho maana yake ni kugonga au kupiga, na michezo ya kujifurahisha ina kitenzi kingine kabisa.

Sasa na tumfikirie kijana wa mwaka 2007 aliyesimama mbele ya televisheni. Ameshika gitaa la plastiki lisilo na nyuzi. Shingoni mwa gitaa hilo pana vitufe vitano vya rangi, na tumboni pana kijiti cha kubonyezwa juu na chini. Alama za rangi zinateremka kwenye kioo, na kila moja inapoufikia mstari uliochorwa chini, kijana hushika kitufe cha rangi hiyo na kubonyeza kijiti. Wimbo wa roki unarindima. Je, kijana huyu anapiga au anacheza? Matangazo ya biashara yalisema anapiga. Wapiga gitaa wengi, wakikunja nyuso, walisema anacheza tu, na wakaongeza kuwa muda anaoutumia hapo ungetosha kumfundisha gitaa la kweli.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba swali hilo halina jibu moja kwa michezo yote ya aina hii, na kwamba jibu lake halitegemei sana umbo la chombo anachokishika mchezaji. Linategemea kosa. Mchezaji anapokosea, anasikia nini? Tukilifuatilia swali hili dogo katika historia, tutaona ni wapi michezo ya mapigo imefundisha muziki na ni wapi imefundisha utiifu tu.

Kabla ya kompyuta

Hofu ya muziki wa mashine ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1906 John Philip Sousa, mtunzi na kiongozi wa bendi aliyekuwa maarufu mno Marekani, alichapisha makala dhidi ya gramafoni na vinanda vya mashine. Alihofia kwamba watu wa kawaida wangeacha kujifunza vyombo, kwa kuwa mashine ingewapa muziki bila jasho. Sousa alikuwa pia na maslahi yake, maana watengenezaji wa mashine hizo walikuwa hawawalipi watunzi, lakini hofu yake juu ya elimu ilikuwa ya kweli na imerudiwa na kila kizazi tangu hapo.

Mojawapo ya mashine alizozilenga ni ile iliyojulikana kwa jina la pianola, iliyobuniwa na Edwin Votey mwaka 1895 na kuuzwa na kampuni ya Aeolian. Naomba tukae nayo kidogo, kwa sababu wanaoandika historia ya michezo ya video aghalabu huiruka. Pianola ilitumia gombo la karatasi lililotobolewa matundu. Mtu alikanyaga pedali kuvuta hewa. Gombo likapita juu ya chuma chenye vijitundu, na kila tundu la karatasi lilipokutana na kijitundu chake, kidole cha mashine kikabonyeza kibao cha piano. Mkanyagaji hakuhitaji kujua kibao hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kuongoza mwendo na nguvu ya sauti. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni hiyo iliongeza kifaa kilichoitwa Metrostyle: mstari mwekundu ulichorwa juu ya gombo, ukipinda kushoto na kulia, na mtu alitakiwa kuufuata kwa ncha ya wenzo wa mwendo ili aharakishe na kupunguza kasi kama alivyofanya msanii bingwa.

Karatasi inayoteremka mbele ya macho, alama zinazowakilisha sauti zijazo, mkono unaofuata mstari kwa wakati wake: yeyote aliyewahi kuiona michezo ya mapigo ya karne hii atatambua kwamba umbo lake lilikwishakuwako sebuleni miaka mia moja kabla. Hata madai ya kielimu yalikuwako. Katika miaka ya 1920 Aeolian ilitoa magombo yaliyochapishwa maelezo ya muziki pembeni mwa matundu, na mwandishi wa elimu ya muziki Percy Scholes alikuwa miongoni mwa walioisimamia kazi hiyo. Mtu aliyekanyaga sonata ya Beethoven alisoma papo hapo kwamba hapa wazo la kwanza linarudi, na hapa ufunguo unabadilika. Sina shaka kwamba alijifunza jambo. Alijifunza umbo la kazi nzima, na alijifunza kwamba mwendo wa muziki unapumua.

Lakini pianola haikuwa na kosa la kusikika. Nota isiyo sahihi haikuwezekana kabisa, kwa kuwa matundu yalikwishatobolewa kiwandani. Aliyekanyaga vibaya aliupata wimbo ule ule, ila ukiwa mbaya kidogo wa mwendo, na wengi hawakuutambua ubaya huo. Redio, urekodi wa umeme ulioanza mwaka 1925 na mdororo wa uchumi wa mwaka 1929 viliiua biashara hiyo kwa kasi ya ajabu.

Mfano wa pili ni wa karibu nasi zaidi. Wengi wetu humu ukumbini tuliimba kwaya, na waliofundishwa nyimbo kwa nota huenda walifundishwa kwa solfa: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huo ulitokana na kazi ya Sarah Glover wa mji wa Norwich, Uingereza, ukaendelezwa na kuenezwa na mchungaji John Curwen (1816–1880), kisha wamisionari wakaubeba hadi Afrika. Mapigo hutenganishwa kwa nuktapacha, nusu pigo kwa nukta, na mwendelezo kwa kistari. Unahitaji ubao, chaki na koo. Walimu waliosomea nota za mistari mitano waliulaumu mfumo huu kwa lawama ile ile iliyokuja kutolewa kwa gitaa la plastiki: kwamba ni njia fupi inayoishia ukutani, na kwamba mwanafunzi wa solfa hatafika kwenye nota za kweli. Ukuta huo upo, nami nimesimama mbele yake tangu utotoni. Hadi leo mistari mitano hunitoa jasho. Hata hivyo, ninaweza kusoma sauti ya pili ya wimbo nisioujua, nikiwa nimezungukwa na watu wanaoimba sauti nyingine tatu, na uwezo huo niliupewa na alama ambazo wengine walizidharau.

Tofauti ya solfa na pianola ni hiyo niliyoitaja. Katika kwaya, anayeimba f mahali pa m husikika mara moja. Mwalimu wangu hakuhitaji kutuambia nani amekosea. Alinyamaza tu, akainamisha kichwa upande wa kosa lilikotokea, na sote tukageuka.

Japani, 1996 hadi 2001

Vitu vya kuchezea vilivyotumia sauti na taa vilikuwako kabla, mathalani Simon wa mwaka 1978, aliyemtaka mchezaji arudie mfuatano wa milio minne. Lakini mchezo unaotajwa zaidi kuwa ndio uliofungua mlango wa michezo ya mapigo katika televisheni ni PaRappa the Rapper, uliotoka Japani mwezi wa Desemba 1996 kwa mashine ya PlayStation. Mbunifu wake, Masaya Matsuura, alikuwa mwanamuziki kabla ya kuingia katika michezo ya video, na michoro ilikuwa ya msanii wa Kimarekani Rodney Greenblat. Mhusika mkuu ni mbwa mdogo aliyevaa kofia, anayepita kwa walimu mbalimbali, wa kwanza akiwa bingwa wa karate mwenye kichwa cha kitunguu.

Kwa mtu wa fasihi simulizi, mchezo huu ni wa kustaajabisha. Mwalimu anatoa mstari wa rap. Mwanafunzi anaupokea na kuurudisha kwa kubonyeza vitufe kwa wakati. Huu ni muundo wa kiongozi na wapokeaji tunaoujua katika nyimbo za kazi, za unyago na za harusi. Tena, kila kitufe kilikuwa na neno lake. Aliyebonyeza mapema au kwa kuchelewa aliyasikia maneno yakitoka yamevunjikavunjika, kama mtu mwenye kigugumizi. Hapa kosa lilikuwa na sauti, na sauti hiyo ilikuwa ya mchezaji mwenyewe. (Nadokeza tu kwamba rap hiyo ilikuwa ya Kiingereza hata katika toleo la Japani, wanaofundisha lugha za kigeni wana la kutafuta hapo.)

Jambo la ajabu zaidi lilikuwa kwenye daraja la juu kabisa. Mchezaji hakulifikia kwa kurudia alichoambiwa. Alilifikia kwa kuongeza mapigo yake mwenyewe kati ya mapigo ya mwalimu, bila kutoka nje ya mwendo. Akifaulu, mwalimu aliondoka, maelekezo yakatoweka kwenye kioo, na mwanafunzi akabaki peke yake kughani apendavyo. Nimeitazama michezo mingi iliyokuja baadaye na ni nadra sana kukuta mwingine unaompa mwanafunzi bora zawadi ya kuondokewa na mwalimu.

Mwaka uliofuata kampuni ya Konami ilileta beatmania katika kumbi za michezo, ikiwa na vibao vitano na sahani ya santuri ya kuzungushwa. Wabunifu wake waliufungamanisha mkono wa mchezaji na sauti yenyewe: kila kibao kilichobonyezwa kilitoa kipande cha wimbo. Asiyebonyeza hakusikia kipande hicho. Aliyebonyeza ovyo alisikia ovyo. Kwa hiyo mtu aliyetazama kutoka nyuma angeweza kufumba macho na kujua kama mchezaji ni stadi.

Mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ilitoa Dance Dance Revolution, na hapa mambo yaligeuka. Mchezaji alikanyaga mishale minne sakafuni kwa kufuata mishale iliyopanda kwenye kioo. Wimbo uliendelea vile vile, akanyage au asikanyage. Alama zake tu ndizo zilizopungua, na mwishowe mchezo ukafungwa. Mchezo huu ulisambaa duniani kuliko iliyoutangulia, na ndio wa kwanza kukaribishwa rasmi shuleni kwa kiwango kikubwa: mwaka 2006 jimbo la West Virginia nchini Marekani lilitangaza mpango wa kuuweka katika shule zake zote 765 za umma. Sababu ilikuwa unene wa watoto. Muziki haukuwa hoja. Sisemi hayo kwa kubeza, kwa kuwa mtoto anayetoka jasho kwa furaha ni faida. Ninasema tu kwamba mchezo huu, tukiupima kwa vitenzi vyetu, unachezwa kwa maana zote mbili za neno hilo, na hakuna anayepiga kitu.

Kampuni ya Namco ilirudi kwenye ngoma mwaka 2001 kwa mchezo wa Taiko no Tatsujin, ambao mchezaji wake hushika mirambo miwili mbele ya ngoma kubwa. Duara jekundu humwambia apige katikati ya ngozi, na la buluu humwambia apige ukingoni. Milio hiyo miwili ina majina, don na ka, na majina hayo ni sauti zenyewe. Mafundi wa ngoma Japani hufundisha kwa mdomo kabla ya mkono, wakitamka silabi za mapigo hadi mwanafunzi azishike. Msomi mkubwa wa Ghana, J. H. Kwabena Nketia, alieleza matumizi ya silabi za namna hiyo katika ufundishaji wa ngoma barani mwetu. Wanafunzi wa isimu mtazitambua kuwa ni tanakali za sauti zilizoajiriwa kazi ya ualimu. Mchezo huu, ingawa ni wa kitoto kwa sura, uliyachukua mafunzo ya kale pamoja na lugha yake.

Gitaa la plastiki

Kampuni ya Harmonix ilianzishwa mwaka 1995 na Alex Rigopulos na Eran Egozy, waliokutana katika chuo cha teknolojia cha MIT. Lengo lao la kwanza lilikuwa kumpa mtu asiyejua chombo raha ya kupiga. Mwaka 1998 walitoa programu iliyoitwa The Axe: mtu alikizungusha kidhibiti cha mchezo, na kompyuta ikahakikisha kwamba kila sauti inayotoka inaoana na wimbo unaoendelea. Hakukuwa na kosa hata moja linalowezekana. Watu waliijaribu kwa dakika chache, wakacheka, wakaiacha. Zikauzwa nakala chache mno. Naliona tukio hili kuwa na uzito mkubwa katika habari yetu. Raha waliyoitafuta waasisi haikuwako, kwa kuwa palipokosekana uwezekano wa kuharibu, mtu hakuamini kwamba ni yeye aliyetengeneza.

Walijifunza. Mwezi wa Novemba 2005, kwa kushirikiana na kampuni ya RedOctane iliyotengeneza vidhibiti, walitoa Guitar Hero. Nyimbo nyingi zilirekodiwa upya na wanamuziki wa kukodiwa, kila chombo katika njia yake, hivyo sauti ya gitaa iliweza kutengwa na nyingine. Mchezaji alipolenga, gitaa lilisikika. Alipokosa, palitoka mkwaruzo mfupi na gitaa likanyamaza, huku ngoma, besi na mwimbaji wakiendelea bila yeye.

Ukimya huo, kwa maoni yangu, ndio mwalimu mkubwa kuliko vyote vilivyomo katika mchezo huo. Mtu aliyesikiliza wimbo mara mia bila kujua gitaa la pili linafanya nini hulijua siku linapoondoka na kuacha pengo. Kiri Miller, mwanaethnomuzikolojia wa Chuo Kikuu cha Brown, aliyewahoji wachezaji wengi na kuchapisha kitabu chake juu yao mwaka 2012, alikuta jambo hili likisemwa tena na tena: kwamba baada ya kucheza, watu waliisikia redio kwa namna nyingine, wakizifuata sauti za ndani ambazo awali zilikuwa zimejificha. Miller pia alibainisha kwamba wachezaji wengi walikuwa tayari na uzoefu wa vyombo vya kweli, na jambo hilo linaudhoofisha utani wa wale wapiga gitaa wenye nyuso zilizokunjwa.

Vidole, hata hivyo, havikujifunza gitaa. Vitufe vitano haviwezi kubeba nyuzi sita. Alama kwenye kioo zilionyesha wakati kwa usahihi, lakini kuhusu kupanda na kushuka kwa sauti zilionyesha kivuli tu: kitufe kile kile cha kijani kiliweza kuwa sauti hii katika ubeti wa kwanza na nyingine katika kiitikio. Mambo yalikuwa tofauti kwa ngoma zilizoongezwa katika Rock Band, mchezo wa Harmonix wa mwaka 2007 uliowakusanya watu wanne kwa gitaa, besi, ngoma na sauti. Mikono miwili na mguu mmoja, vikipiga sehemu iliyoandikwa kwa ngazi ngumu, vilikuwa vinafanya mambo yale yale ambayo mpiga ngoma wa wimbo ule alifanya, kwa mpangilio ule ule. Hapo kucheza kulikuwa kupiga, bila kuhitaji alama za nukuu. Mwaka 2011 Kylie Peppler na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya vijana waliocheza Rock Band katika klabu ya baada ya masomo nchini Marekani. Waliona uhusiano kati ya ustadi katika mchezo na vipimo vya kawaida vya muziki, na wakaeleza kwamba alama zinazoteremka zina mantiki inayokaribiana na ya nota za kawaida. Utafiti wa namna hii haumalizi ubishi juu ya kipi kilimsababisha mwenzake, lakini hauwezi kupuuzwa.

Kuna habari moja ya kiufundi ambayo nadhani inatufunulia zaidi kuliko takwimu. Miaka ile ile televisheni bapa zilikuwa zikichukua nafasi ya zile za kisanduku, na televisheni bapa huichelewesha picha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Katika mchezo wa kawaida mtu haoni tofauti. Katika mchezo wa mapigo, jicho likasema sasa, sikio likasema bado au tayari, na wachezaji hodari wakaanza kuanguka. Ikabidi michezo iwekewe ukurasa wa kusawazisha sauti na picha; gitaa la Rock Band 2, la mwaka 2008, liliwekewa kabisa vihisio vya mwanga na sauti kwa kazi hiyo. Hapo ndipo ilipodhihirika kuwa wachezaji wamegawanyika. Wako waliokuwa wakifuata kioo wakati wote, na muziki kwao ulikuwa pambo. Na wako waliokuwa wakitumia kioo kujua kitufe tu, huku wakati wakiupata kwa sikio. Wote wawili waliweza kupata alama sawa. Ni wa pili peke yake aliyekuwa darasani.

Biashara ilipanda na kushuka kama ile ya pianola, ila kwa haraka zaidi. Mauzo ya Guitar Hero III ya mwaka 2007 yalivuka dola bilioni moja. Katika mwaka 2009 mapato ya michezo hii Marekani yalipungua kwa karibu nusu, kwa kuwa soko lilijazwa matoleo mengi mno na magitaa ya plastiki yalikwishalundikana chini ya vitanda. Na mwezi wa Februari 2011 Activision ilitangaza kuifunga idara yake ya Guitar Hero. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Harmonix ilijaribu kuuvunja ukuta niliousema katika Rock Band 3: iliongeza kinanda chenye vibao vya kweli na gitaa lenye vitufe 102, yaani nyuzi sita kwa vituo kumi na saba. Mwaka 2011 kampuni ya Ubisoft ilikwenda mbali zaidi kwa mchezo wa Rocksmith, ambao mchezaji wake huchomeka gitaa halisi kwa waya. Rocksmith ni mwalimu mzuri. Nimeona pia kwamba wanaouzungumzia hawasemi sana kuwa ni mchezo.

Kuhusu ngoma zetu

Wanafunzi wawili waliniuliza, nilipokuwa nikiandaa mhadhara huu, kama haiwezekani kutengeneza mchezo wa namna hii kwa chapuo, vumi na msondo, ili watoto wa mijini wasioziona ngoma hizo wajifunze. Nilitaka kujibu upesi kwamba inawezekana, kisha nikasita mahali pawili.

Kwanza, pale ambapo ngoma kadhaa hufumana, sehemu ya ngoma moja ikisikika peke yake huwa kama nusu ya sentensi. Chapuo halina maana yake kamili mpaka vumi lijibu. Hapa mchezo unaweza kufaa sana, kuliko hata kwa roki: mtoto akikosa pigo lake, fumo zima lingelegea masikioni mwake, naye angejua ni nini hasa alichokuwa amekishikilia. Ukimya wa Guitar Hero ungefanya kazi kubwa zaidi hapa.

Pili, kuna wakati wenyewe. Mashine huwa na mstari, na pigo liko mstarini au haliko. Uwanjani mpiga ngoma kiongozi hutazama miguu ya mchezaji. Akimwona amechangamka humvuta. Akimwona amechoka humpumzisha. Na pengine humchokoza kwa pigo la makusudi lililochelewa. Mchezaji naye humjibu kwa bega. Katika michezo yote niliyoitaja, wimbo ulikwisharekodiwa, na mchezaji afanye atakavyo, hakuna upande wa pili unaomtazama. PaRappa alilikaribia jambo hilo mwaka 1996, kwa dakika chache, pale mwalimu alipoondoka. Lakini hata pale mwalimu aliondoka, hakubaki kumpokea.

Niliwaambia wanafunzi hao waanze na vumi na chapuo tu, na wamtafute mpigaji mzee mmoja aliye tayari kurekodiwa kila ngoma kwa njia yake. Kuhusu mchezaji wa uwanjani, walikwenda kufikiri. Bado hawajarudi.